Harold Black: Mtu aliyeifundisha amplifaya kujisahihisha

Na Mwandishi Wetu, Arusha

KATIKA vibanda vya mafundi redio jijini Arusha, kuanzia maeneo ya Soko Kuu hadi Kilombero na Ngarenaro, si jambo geni kumkuta kijana ameinamia amplifaya iliyofunguliwa kifuniko, akitafuta sababu ya sauti kukwaruza au kukatika.

Ndani ya mashine hizo, mara nyingi huwamo kipande kidogo cheusi chenye miguu minane ya chuma. Mafundi wengi hukiita aisii, na kikiungua hukitoa na kuweka kingine, maisha yakaendelea. Wanaosomea elektroniki vyuoni hukifahamu kwa jina lake kamili, yaani amplifaya ya operesheni, au kwa kifupi opampu.

Wachache, hata miongoni mwa wasomi hao, humfahamu mtu ambaye wazo lake ndilo linalokifanya kipande hicho kuwa na manufaa. Huyo ni Harold Stephen Black, mhandisi wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1983 akiwa na umri wa miaka 85.

Black hakutengeneza opampu. Alichofanya ni kugundua kanuni ambayo bila hiyo opampu ingekuwa kifaa kisichotawalika. Ugunduzi huo aliupata akiwa safarini kwenda kazini, ndani ya feri, na ilimchukua zaidi ya miaka tisa kuwashawishi wakaguzi wa hataza kwamba hakuwa akiota ndoto za mchana.

Kijana wa Leominster

Harold Black alizaliwa Aprili 14, 1898, katika mji wa Leominster, jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani. Alisomea uhandisi wa umeme katika Taasisi ya Worcester Polytechnic, iliyo katika jimbo hilohilo, na kuhitimu mwaka 1921.

Mwaka huohuo alipata kazi katika idara ya uhandisi ya kampuni ya Western Electric, mjini New York. Maabara za idara hiyo, zilizokuwa katika mtaa wa West, ndizo mwaka 1925 zilizogeuzwa kuwa Maabara za Bell, ambazo baadaye zilipata umaarufu duniani kote. Mshahara wake wa kuanzia ulikuwa dola 32 kwa wiki.

Mwanzo wake haukuwa wa kutia moyo. Wenzake walipoongezewa mshahara naye akaachwa, alifikiria kuacha kazi. Hata hivyo, badala ya kuondoka aliamua kuifahamu kampuni hiyo kwa undani, akawa anafika kazini siku za Jumapili kusoma majalada ya zamani.

Katika kusoma huko ndipo alipokutana na tatizo lililotawala sehemu kubwa ya maisha yake, nalo ni namna ya kuipeleka sauti ya mtu mbali kwa njia ya waya bila kuiharibu.

Tatizo la waya mrefu

Sauti inaposafiri ndani ya waya wa simu hufifia kadiri umbali unavyoongezeka. Ili kuinusuru, wahandisi wa enzi hizo waliweka amplifaya za valvu njiani, kila moja ikiipokea sauti iliyochoka, kuikuza na kuisukuma mbele. Kwa njia hiyo, mwaka 1915 mji wa New York uliunganishwa kwa simu na San Francisco, ng'ambo ya bara la Amerika Kaskazini.

Kasoro ilikuwa kwamba valvu haikuzi kwa uaminifu. Kila amplifaya huongeza uchafu wake kidogo, ikibadili umbo la sauti iliyopokea. Uchafu wa amplifaya moja waweza kuvumilika, lakini amplifaya inayofuata huukuza uchafu huo pamoja na sauti, kisha ikaongeza na wa kwake.

Hali hiyo yafanana na kanda ya kaseti iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, ambayo nayo ilikuwa imenakiliwa kutoka kanda nyingine. Nakala ya kwanza husikika vizuri. Nakala ya ishirini huwa mvumo mtupu.

Kampuni za simu zilitaka kupitisha mazungumzo mengi kwa wakati mmoja katika jozi moja ya waya. Katika mpango wa namna hiyo, uchafu wa mazungumzo ya mtu mmoja huvuja na kuingia katika mazungumzo ya mwingine. Black alipiga hesabu na kuona kuwa, kwa safari ndefu zenye amplifaya nyingi zilizofuatana, valvu za wakati huo zingepaswa kuwa bora mara nyingi kuliko zilivyokuwa.

Wengi walijaribu kuiboresha valvu yenyewe. Black naye alianzia huko, lakini jitihada hizo hazikufika mbali.

Machi 16, 1923, alihudhuria mhadhara wa Charles Steinmetz, mhandisi mashuhuri wa umeme wa zama hizo. Kilichomgusa ni jinsi mzee huyo alivyoliendea kila jambo kwa kurudi kwenye misingi yake. Black alirejea nyumbani na kuligeuza swali lake. Badala ya kuuliza namna ya kupata valvu isiyo na kasoro, alijiuliza namna ya kuikubali kasoro hiyo na kisha kuiondoa.

Kabla ya usiku huo kwisha alikuwa amepata jibu la kwanza. Alifikiria kuchukua sauti inayotoka, kuishusha hadi ilingane na ile iliyoingia, kisha kuzitoa moja katika nyingine. Kinachobaki ni uchafu peke yake, ambao hukuzwa pembeni na kutumiwa kuufuta ule uliomo katika sauti inayotoka.

Wazo hilo lilifanya kazi maabara, lakini lilikuwa gumu kulitunza. Mizani kati ya njia hizo mbili iliharibika kila mara, ikalazimu mtu kurekebisha mkondo wa valvu kila saa, usiku na mchana. Mtambo unaohitaji mlinzi wa namna hiyo usingeweza kuwekwa katika nguzo za simu za bara zima. Black akaendelea kutafuta kwa miaka mingine minne.

Asubuhi ya Agosti 2, 1927

Black alikuwa akiishi New Jersey, na kila asubuhi alivuka Mto Hudson kwa feri kwenda kazini Manhattan. Asubuhi ya Jumanne ya Agosti 2, 1927, akiwa amesimama ndani ya feri hiyo, wazo lilimjia ghafla.

Hakuwa na daftari. Mkononi alikuwa na gazeti la The New York Times la siku hiyo, na ukurasa mmoja ulikuwa na nafasi isiyochapwa kitu. Hapo ndipo alipochora mchoro wake na kuandika hesabu zake. Alipofika ofisini alimwonyesha mwenzake, Earl Blessing, ambaye aliuelewa na kutia saini kama shahidi.

Wazo lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza. Chukua sehemu ndogo ya kile kinachotoka katika amplifaya, kirudishe kwenye mlango wa kuingilia, lakini kikiwa kimegeuzwa ili kipingane na kile kinachoingia. Kanuni hiyo leo huitwa mrejesho hasi.

Kwa kufanya hivyo, amplifaya hujikuta ikilinganisha kazi yake na agizo ililopewa. Ikiwa imeongeza kitu kisichotakiwa, kitu hicho hurudi mlangoni kikiwa kinyume na kujifuta chenyewe. Ikiwa imepunguza, upungufu nao huonekana mlangoni na kusahihishwa papo hapo.

Gharama yake ni nguvu. Amplifaya inayoweza kukuza mara 100,000 huenda ikabaki na uwezo wa kukuza mara 10 tu. Kwa wahandisi waliokuwa wamehangaika miaka mingi kupata valvu zenye nguvu zaidi, kutupa nguvu hiyo kwa makusudi kulionekana kuwa kichekesho.

Somo la mfereji

Mkulima wa miteremko ya Mlima Meru hahitaji kwenda chuoni ili kuielewa kanuni hiyo. Kwa vizazi vingi, Wameru na Waarusha wamechimba mifereji kutoka kwenye mito inayoshuka mlimani na kuyaongoza maji hadi mashambani, wakipokezana kwa zamu.

Tuseme mkulima wa chini anataka maji ya kimo fulani tu yaingie katika shamba lake la migomba na kahawa. Mto hujaa wakati wa masika na kupungua wakati wa kiangazi, hivyo hawezi kuutegemea mto kumpa kiasi kilekile kila siku.

Anachoweza kufanya ni kumweka mtu kwenye lango la juu. Maji yakizidi shambani, habari hupelekwa juu na lango likabanwa. Yakipungua, lango hufunguliwa zaidi. Mto ubadilike utakavyo, shamba litapata kimo kilekile.

Lakini mpango huo unadai jambo moja. Ni lazima mto uwe na maji mengi kuliko yale yanayohitajika shambani, ili pawe na cha kubana na cha kufungulia. Ziada hiyo ndiyo gharama ya uhakika. Katika amplifaya ya Black, mto ni nguvu kubwa isiyotulia ya valvu, na habari inayopelekwa langoni ndiyo mrejesho hasi.

Hofu ya mlio

Kulikuwa na sababu nyingine iliyowafanya wataalamu wamtilie Black shaka, na kila aliyehudhuria harusi au mkutano wa hadhara anaifahamu. Msemaji anaposogeza kipaza sauti karibu na spika, ghafla hutokea mlio mkali unaowafanya watu wazibe masikio.

Mlio huo nao ni mrejesho, ila ni ule wa kuongezea. Sauti ya spika huingia tena katika kipaza sauti, hukuzwa, hutoka kwa nguvu zaidi na kuingia tena, mpaka mtambo mzima unapiga kelele peke yake. Wahandisi wa miaka ya 1920 waliufahamu vyema mrejesho wa aina hiyo, na walikuwa wamezoea kuukimbia.

Kumwambia mhandisi wa enzi hizo arudishe sauti inayotoka kwenye mlango wa kuingilia ilikuwa sawa na kumwambia aualike mlio huo nyumbani kwake. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Sauti inapochelewa njiani, kile kilichotumwa kipingane chaweza kufika wakati mbaya kikageuka kuwa cha kuongezea, sawa na mlinzi wa lango anayepokea habari za mafuriko ya jana na kubana maji leo ambapo shamba limekauka.

Pamoja na hayo, vipimo vilimpa Black haki. Desemba 29, 1927, miezi mitano baada ya safari ile ya feri, amplifaya ya majaribio yenye mrejesho hasi ilionyesha kuwa uchafu wa sauti umepunguzwa kwa uwiano wa 100,000 kwa moja.

Miaka tisa ya kusubiri

Ombi la hataza liliwasilishwa mwaka 1928. Kilichofuata ni mvutano mrefu. Wakaguzi hawakuamini kuwa amplifaya ingeweza kurudishiwa kiasi kikubwa namna hiyo cha sauti yake yenyewe na bado ikatulia. Nchini Uingereza, ombi hilo lilichukuliwa kama yale ya watu wanaodai kuvumbua mashine inayojiendesha milele bila kutumia nguvu yoyote.

Hata ndani ya Maabara za Bell si wote waliomuunga mkono. Iliwalazimu yeye na wenzake kukusanya ushahidi wa mitambo iliyokuwa ikifanya kazi ili kuthibitisha kuwa hesabu zake hazikuwa za kubuni.

Msaada mkubwa ulitoka kwa mwenzake wa maabara, Harry Nyquist, mzaliwa wa Sweden. Mwaka 1932, Nyquist alichapisha hesabu zinazoonyesha kwa uhakika ni wakati gani amplifaya yenye mrejesho itatulia na ni wakati gani itapiga mlio. Kuanzia hapo, hofu iliyokuwa haina kipimo ikapata kipimo.

Mwaka 1934, Black alichapisha makala yake kuhusu amplifaya hizo zilizotulizwa, na Desemba 21, 1937 Marekani ikampatia hataza namba 2,102,671. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 29 ndani ya feri alikuwa sasa na miaka 39.

Lau angelikata tamaa baada ya kukataliwa mara ya kwanza, huenda mtu mwingine angeligundua jambo hilo baadaye. Lakini mazungumzo ya simu ya masafa marefu, ambayo wakati huo yalikuwa njia pekee ya kusikia sauti ya jamaa aliye mbali, yangelichelewa kuwa ya kawaida.

Kutoka valvu hadi chipu

Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliipeleka kanuni ya Black mahali ambapo hakupatarajia. Maabara za Bell zilipewa kazi ya kutengeneza mtambo wa kuelekeza mizinga ya kutungulia ndege, na mtambo huo ulihitaji kupiga hesabu kwa kasi kuliko binadamu.

Wahandisi walitumia amplifaya zenye mrejesho hasi ili kujumlisha, kutoa na kufanya hesabu nyingine kwa kutumia volteji badala ya tarakimu. Mmoja wao, Karl Swartzel, aliomba hataza ya amplifaya ya kujumlisha mwaka 1941, na aliipata mwaka 1946.

Jina la amplifaya ya operesheni lilikuja mwaka 1947, katika andiko la John Ragazzini na wenzake. Neno operesheni hapo lina maana ya tendo la hesabu, kama kujumlisha au kutoa, wala halihusiani na chumba cha upasuaji kama wanafunzi wapya wanavyoweza kudhani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya George Philbrick ya Marekani ilianza kuuza opampu ya valvu iliyoitwa K2-W. Katikati ya miaka ya 1960, Robert Widlar wa kampuni ya Fairchild alifaulu kuipunguza opampu nzima kuwa chipu moja ya silikoni. Mwaka 1968, kampuni hiyohiyo ikatoa chipu iliyobuniwa na David Fullagar, yenye namba 741.

Chipu ya 741 iliwekewa ndani yake kapasita ndogo inayozuia mlio ule waliouogopa wahenga wa simu. Fundi hakulazimika tena kupiga hesabu za Nyquist kabla ya kuitumia. Hiyo ni miongoni mwa sababu zilizoifanya ienee katika vyuo na karakana kote duniani.

Jinsi inavyofanya kazi

Opampu ina milango miwili ya kuingilia, mmoja wa alama ya kujumlisha na mwingine wa alama ya kutoa, pamoja na mlango mmoja wa kutokea. Kazi yake ni kukuza tofauti ya volteji kati ya milango hiyo miwili. Kwa chipu ya 741, ukuzaji huo kwa kawaida hufikia mara 200,000.

Nguvu hiyo ikiachwa bila mrejesho haina faida kwa mtu anayetaka sauti safi. Tofauti ndogo kabisa mlangoni huirusha volteji ya kutokea hadi mwisho wa uwezo wa umeme unaoiendesha, ama juu ama chini.

Wanafunzi hufundishwa kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba milango ya kuingilia haimezi mkondo wa kuhesabika. Ya pili ni kwamba, mrejesho hasi unapokuwepo, opampu hujitahidi kuifanya volteji ya milango yote miwili iwe sawa.

Chukua mfano wa rezista mbili. Ya kilo-omu 10 inaleta sauti kwenye mlango wa kutoa, na ya kilo-omu 100 inaunganisha mlango wa kutokea na mlango huohuo wa kutoa. Mlango wa kujumlisha umeunganishwa na sifuri.

Ikiingia volti 0.1, mkondo wa miliampea 0.01 hupita katika rezista ya kwanza. Mkondo huo hauwezi kuingia ndani ya chipu, hivyo hulazimika kupita katika rezista ya pili. Ili kuupitisha huko, mlango wa kutokea unapaswa kushuka hadi volti moja chini ya sifuri. Volti 0.1 imekuzwa mara 10 na kugeuzwa alama.

Katika hesabu hiyo yote, ukuzaji wa mara 200,000 wa chipu haukutajwa popote. Jibu limetokana na uwiano wa rezista mbili ambazo bei yake ni ndogo. Hata kama joto au uzee utaifanya chipu ikuze mara 100,000 badala ya 200,000, volteji inayotoka itabadilika kwa chini ya sehemu moja katika 10,000.

Hicho ndicho Black alichokiona ndani ya feri. Kifaa chenye nguvu kisichoaminika hukabidhiwa kwa vipande viwili dhaifu vinavyoaminika.

Hata hivyo, kanuni hiyo ina mipaka yake. Opampu haiwezi kutoa volteji inayozidi umeme unaoilisha, na ikilazimishwa hukata vichwa vya mawimbi ya sauti, jambo linalosikika kama mkwaruzo muziki unapofunguliwa hadi mwisho. Kadhalika, chipu ya 741 ikitakiwa kukuza mara 10 huweza kufuata mawimbi ya hadi takribani kilohezi 100, lakini ikitakiwa kukuza mara 1,000 huishia karibu na kilohezi moja. Anayetaka nguvu nyingi hulipa kwa kasi.

Alama zake Arusha

Arusha si mgeni katika masuala ya redio. Kwa miaka mingi katika karne iliyopita, kiwanda cha Philips kiliunganisha redio mjini humo. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, hufundisha elektroniki na mawasiliano, na huko Tengeru, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela hufundisha sayansi na uhandisi katika ngazi za juu.

Kanuni ya Black imeenea mbali zaidi ya madarasa hayo. Moyo wa binadamu hutoa umeme unaofikia takribani milivolti moja tu juu ya ngozi ya kifua. Mashine ya hospitali inayochora mapigo ya moyo haiwezi kuusoma umeme huo bila amplifaya yenye mrejesho hasi, kwa kuwa daktari anahitaji kuuona moyo wa mgonjwa na si kasoro za mashine.

Ndivyo ilivyo pia kwa vifaa vya kupima mionzi, mfano wa vile vinavyotumika katika kazi za Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye maabara zake Njiro, ambapo mipigo midogo ya umeme hukuzwa kabla ya kuhesabiwa. Hata stabilaiza inayolinda friji ya nyumbani umeme unapopanda na kushuka hufuata njia ileile ya kupima kinachotoka na kurekebisha kinachoingia.

Kwa fundi wa kibandani, kuijua kanuni hii kuna faida ya moja kwa moja mfukoni. Sauti ikipotoka, asiyeifahamu hubadilisha chipu, na pengine ya pili na ya tatu, kwa gharama ya mteja. Anayeifahamu huanza kwa kupima rezista ya mrejesho, kwa sababu hiyo ikikatika, chipu iliyo nzima kabisa itaonekana kama iliyokufa.

Miaka ya mwisho

Black aliendelea na kazi katika Maabara za Bell hadi mwaka 1963. Mbali na mrejesho hasi, alishughulikia mbinu za kubadili sauti kuwa mipigo ya kidijiti, na mwaka 1953 alichapisha kitabu kuhusu nadharia ya kupakia sauti katika mawimbi.

Heshima zilimjia taratibu. Mwaka 1957 alitunukiwa nishani ya Lamme na chama cha wahandisi wa umeme wa Marekani, na mwaka 1981 jina lake liliingizwa katika Ukumbi wa Taifa wa Wavumbuzi nchini humo. Zilikuwa zimepita miaka 54 tangu safari ile ya feri.

Alifariki Desemba 11, 1983, huko Summit, New Jersey, akiwa bado anaandika kitabu cha maisha yake.

Wakati huo, opampu zilikuwa zimeshaenea katika redio, hospitali na viwanda, zikiuzwa kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliweza kuimudu. Mwaka 2027 ndio unaotimiza miaka 100 tangu Black alipochora mchoro wake pembeni mwa habari za siku ile.

Pamoja na kompyuta na simu za mkononi kushika nafasi ya mitambo mingi ya zamani, sauti, joto, mapigo ya moyo na mwanga bado huingia katika mashine hizo zikiwa volteji dhaifu zinazohitaji kukuzwa kwa uaminifu. Kijana wa Ngarenaro anayeshika leo chipu yenye miguu minane, na kuunganisha rezista kutoka mlango wa kutokea kurudi mlango wa kutoa, anarudia mstari uleule uliochorwa juu ya karatasi ya gazeti katikati ya Mto Hudson.